Jinsi ya Kuiingiza Reli ya Kati Katika Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Ugonjwa huu huanza na sentensi moja: "Kile chumba cha nyuma kimekaa bure." Ukijisikia unaisema, kanywe maji ukalale. Ukiamka asubuhi ukaikuta bado ipo mdomoni, basi umekwisha, na mwongozo huu ni wako.

Tukubaliane kwanza kwamba chumba hakijakaa bure. Kina gunia la mchele, baiskeli isiyo na mnyororo, TV ya chogo ambayo fundi alisema inasubiri kifaa kimoja tu, na kitanda cha tano kwa sita anacholalia mgeni. Mama watoto anavijua vyote, na anajua kila kimoja kinasubiri nini. Ila mtu aliyekwisha kuona picha ya treni ndogo ya umeme ikichomoza kwenye handaki linalotosha ngumi haoni gunia wala kitanda. Anaiona milima ya Uluguru.

Mimi niliiona mwaka juzi. Nawaandikia wenzangu ambao bado wana pa kuponea, ingawa najua hawatasikia, maana na mimi niliambiwa.

Hatua ya kwanza: pima chumba kwa kumbukumbu

"Futi kumi kwa kumi" ni jina tu, kama vile "basi la saa kumi na mbili" lilivyo jina. Kwenye hesabu ni mita 3.05. Ukishaondoa plasta na uchovu wa fundi aliyejenga, changu kilibaki na mita 2.96 upande wa dirisha na 3.01 upande wa mlango, na kona moja ya ukuta haikupata kuiona pembe mraba tangu izaliwe. Mwongozo wa kweli ungekwambia uchukue futikamba upime kuta zote nne, juu na chini, uandike dirisha lilipo, soketi ilipo, na mlango unafungukia wapi. Usifanye hivyo. Ukipima utajua, na ukijua hutanunua kitu.

Mlango hasa usiuangalie kabisa. Mlango wa sentimita 80 unaofungukia ndani humeza robo duara ya sakafu kila mtu anapoingia. Utakuja kukuumbua, lakini bado ni mapema.

Hatua ya pili: orodhesha unachotaka

Mmarekani mmoja, John Armstrong, ambaye kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu kupanga reli ndogo bado kinasomwa na wenye ugonjwa huu, aliwataka watu waandike orodha mbili kabla ya kushika penseli. Moja ni ya mambo yasiyobadilika: ukubwa wa chumba, fedha, muda, watu mnaoishi nao. Ya pili ni ya matamanio. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja, "chumba kipo." Ya pili ilijaza kurasa tatu.

Nilitaka stesheni ya Dar es Salaam na bandari nyuma yake. Nilitaka daraja la Ruvu, Morogoro na milima yake, Dodoma yenye vumbi, na Saranda, pale ambapo abiria wa zamani alikuwa akitoa kichwa dirishani kabla treni haijasimama, maana kuku wa Saranda hamsubiri mtu. Nilitaka Tabora na miembe yake, pamoja na njia inayochepuka kwenda Mwanza. Mwisho kabisa Kigoma, lile jengo la Mjerumani pale juu, na chini yake Ziwa Tanganyika.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Miaka tisa, wahandisi kibao na vibarua wasiohesabika. Mimi nilijipa mpaka Krismasi.

Sasa hesabu, kwa wale wanaopenda kujiumiza. Skeli inayopendwa zaidi duniani, HO, hupunguza kila kitu mara 87. Kutoka Dar hadi Kigoma ni kilometa 1,250 hivi. Gawa kwa 87: unapata kilometa 14 na kidogo. Yaani treni yako ndogo ikianzia Kivukoni, Kigoma yake itakuwa huko karibu na Kimara. Chumba changu chenyewe, ukuta hadi ukuta, ni mita 257 za dunia hii, viwanja viwili vya mpira na kipande cha cha tatu. Stesheni yoyote ya maana inavimaliza hivyo peke yake, kabla treni haijapiga honi.

Halafu nilikuwa nimeiandika Liemba. Huwezi kuwa na Kigoma bila Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku maelfu, ikasafirishwa mpaka ziwani, ikazinduliwa 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, na 1924 Waingereza wakaiibua. Urefu wake ni mita 71. Kwa HO hiyo ni sentimita 82, bado hujaweka maji. Sehemu pekee ambayo ingekaa ni juu ya soketi. Meli imekwisha kuzama ikaibuka, lakini nadhani hata yenyewe ina mwisho wa uvumilivu.

Kama huna haya kabisa, ongeza na Garratt la daraja la 59, kile kichwa kikubwa cha treni ya mvuke, kama nilivyofanya. Yalikuwa 34, yakitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja likibeba jina la mlima. Mawili yapo hadi leo katika makumbusho ya reli Nairobi, na moja linaitwa Mount Shengena, mlima wetu wa Upareni. Urefu wake unakaribia mita 32. Kwa HO ni sentimita 36, kichwa peke yake, bila behewa hata moja: sehemu ya nane ya ukuta wangu. Kazi yake ilikuwa njia ya Mombasa na Nairobi, Kigoma haikulihusu. Tamaa haina ramani.

Hatua ya tatu: nunua kwanza, skeli utaijua baadaye

Hapa sitakaa. Reli ya HO ya dukani ina upana wa milimita 16.5, na ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, yaani SGR kamili, ile reli mpya ya mwendokasi. Reli ya Kati ya zamani ni ya mita moja, kwa hiyo inataka njia ya milimita 12, ambayo ni ya kuagiza, ya kungoja, na ya kulipia bandarini kwa uso mkavu. Mimi nilifungua boksi la kwanza, nikapima kwa rula ya mtoto, nikagundua nimeshanunua mwendokasi. Ipo pia skeli ya N, mara 160, njia ya milimita 9. Inafaa chumba kidogo kuliko HO, lakini ukishavuka miaka arobaini unaipanga kwa imani. Skrubu yake ikidondoka kwenye zulia, ni marehemu.

Hatua ya nne: chora kwa mkono

Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wenye akili timamu wanapotelea.

Nilichukua daftari la hesabu la mwanangu, lile la miraba. Kila mraba ukawa sentimita kumi. Nikachora Tabora. Penseli ilikuwa nzuri na mkono mwepesi, na jioni ile Tabora ilikuwa na njia saba, karakana, na ile ya Mwanza ikichepuka kwa madaha kwenda kwenye kabati. Mama watoto alipita akatazama. Akasema, "Pazuri," kwa sauti anayotumia kwa picha za watoto.

Tatizo la penseli ni kwamba ni mwongo. Pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, wenyewe huita pointi, mkono hukata mstari mdogo wa mshazari na kazi imekwisha. Kwenye daftari langu pointi zote sita za Tabora zilienea ndani ya miraba minne. Pointi halisi ya HO, ya ukubwa wa kati, ina urefu wa sentimita 22, na haikunjiki. Sita zikifuatana ni mita moja na theluthi, hapo hakuna njia hata moja iliyoanza kupokea behewa. Nilipotandaza vitu vyenyewe sakafuni, ukuta uliisha zikiwa zimebaki sentimita 31 za Tabora. Linaingia behewa moja na nusu. Nusu hiyo sikujua niiweke wapi.

Dawa yake ni nyepesi, na ndiyo maana hakuna anayeitumia. Chukua pointi moja, nenda stationery, itoe fotokopi kwa ukubwa wake halisi, nakala kumi za kulia na kumi za kushoto. Zikate kwa mkasi, zitandaze sakafuni, bandika kwa tepu. Kijana wa fotokopi ataiweka mashineni bila kuuliza, atauliza kwenye nakala ya kumi na moja. Karatasi hizo hazidanganyi. Saa moja ya kutambaa nazo sakafuni ingeniokolea miezi minne na fedha ambazo sitazitaja hapa, kwa sababu gazeti hili linaingia nyumbani kwangu.

Kona nazo zina mambo yake. Penseli hukata kona popote. Treni ya HO inataka duara lenye nusu kipenyo cha angalau sentimita 45, na hapo ni kwa vichwa vifupi na mabehewa mafupi. Kuigeuza irudi ilikotoka kunakula karibu mita nzima ya upana ukihesabu na ukingo. Chumba kina mita tatu. Kona mbili zimechukua moja ya urefu. Katikati zinabaki mita mbili zilizonyooka, na kwenye hizo mita ndipo unatakiwa uweke Tanganyika yote. Usilalamike. Kona halisi ya mita 300, ukiigawa kwa 87, ni mita tatu na nusu. Ungehitaji kubomoa kwa jirani.

Hatua ya tano: plaiwudi

Vitabu vya Wamarekani vimejaa mipango ya reli ya futi nne kwa nane kwa sababu moja, ndivyo plaiwudi inavyouzwa. Hata kwetu inauzwa hivyo hivyo. Inakuja kwa guta, imefungwa kamba, kijana akitembea pembeni ameishika kama mgonjwa.

Ilipita getini. Ilipita sebuleni. Korido yetu ina upana wa sentimita 90, na mlango wa chumba cha nyuma upo ubavuni. Tukaisimamisha kwa ubavu, tukaanza kukata nayo kona. Ikaingia, ikaingia, ikagoma. Tukairudisha. Tukaiinamisha, ikagusa dari ya korido na fremu ya mlango kwa pamoja. Kijana wa guta akaegemea ukuta akasema, "Bosi, hii haiingii." Usiku nilipiga hesabu kwa karatasi: kwa korido ile na mlango ule, kitu kirefu kuliko mita 2.40 hakipiti. Plaiwudi ina 2.44. Sentimita nne ndizo zilizonifanya niazime msumeno kwa jirani na kuikata katikati pale pale koridoni, mama watoto akiwa anapita na sufuria ya maji ya moto akisema "samahani" kila mara. Tuliiunga tena ndani kwa skrubu na vipande vya mbao mbili kwa mbili. Tangu siku hiyo, treni ikipita pale kwenye kiungo inaruka.

Kwa kuwa meza ya futi nne haiwezi kukaa katikati ya chumba chenye kitanda, utaisukuma ukutani. Mkono wa mtu mzima hufika kwa raha sentimita 60. Ukijinyonga, 75. Meza ina 122. Na treni, sijui nani huifundisha, haiangukii upande wa karibu hata siku moja. Itapita mbele yako mara ishirini kwa heshima zote, ikifika huko nyuma ukutani inalala ubavu. Ndiyo maana siku ya uzinduzi, mbele ya shemeji zangu wawili, ilinibidi niulalie kwa tumbo mji wa Morogoro. Uluguru, niliyoichonga kwa ile foamu nyeupe ya boksi la friji, hadi leo ina bonde lenye umbo la kiwiko.

Hatua ya sita

Hatua ya sita ilikuwa mlima, treni ya juu ikivuka ile ya chini kwa daraja. Nimeifuta. Ili treni moja ya HO ipite chini ya nyingine unahitaji kuinuka sentimita saba na nusu hivi. Mwinuko wa kistaarabu ni sentimita mbili kwa kila mita, kwa hiyo kupanda kunataka mita tatu na robo tatu, na kushuka vivyo hivyo. Chumba kimeisha kabla hujafika juu. Ukiongeza mwinuko mara mbili, kichwa kitapanda vizuri sana mradi usikifunge behewa.

Anayetaka mlima kwa lazima aende Usambara. Wajerumani waliwahi kujenga kareli kembamba ka milimita 750 kutoka Tengeni, kwenye njia ya Tanga, kupanda hadi Sigi chini ya Amani, kushusha mbao. Walipoona mlima haukubali kona, hawakushindana nao: treni inapanda mpaka mwisho wa njia, inasimama, pointi inageuzwa, inapanda kinyumenyume kwenda ngazi ya juu, inasimama, inaanza tena mbele. Zigizaga hiyo ndiyo akili pekee ninayoijua inayokwea ndani ya chumba kidogo, na kwa skeli ya HO njia yake inajengwa kwa reli ya N ya milimita 9, ambayo inakata kona hata ya sentimita 25 bila manung'uniko. Mimi nilikuja kuisoma habari hii nikiwa nimekwisha kumaliza fedha.

Nyaya nazipita. Ni volti 12, haziui mtu, na ukipata shoti ni kwa sababu umesahau ulichounganisha jana. Vumbi ndilo la kuogopwa, maana umeme unapita pale gurudumu linapogusa reli na kwingine hapana. Siku tatu za kiangazi cha Dar na dirisha wazi zinatosha treni ikaanza kwenda kwa kwikwi. Kitambaa na spiriti, kila Jumamosi. Mjusi naye atafanya makao kwenye handaki. Mwache, anakula mchwa.

Kitu kimoja nilichofanikiwa nacho nitakitoa bure. Nyasi za Dodoma za mwezi wa tisa haziuzwi popote. Nunua kamba ya katani dukani, ifumue, ikate vipande vya milimita nne, ichemshe kwenye chai ya rangi iliyokolea, ianike kwenye gazeti, kisha isimike kwenye gundi ya mbao kwa kuimwagia na kupuliza. Kwa kokoto za reli, mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai. Chujio liwe lako binafsi. Hilo nalisema kwa sauti ya chini.

Hatua ya saba: zunguka kuta

Meza ikishakushinda, utapata wazo ambalo kila mwenye chumba kidogo hulipata, na ambalo ni zuri kweli: rafu nyembamba ya sentimita 30 inayozunguka kuta zote nne kimo cha kifua, wewe ukisimama katikati kama simba wa tangazo. Mkono unafika kila mahali, kona zinakuwa kubwa, kitanda kinarudi mahali pake chini ya Dodoma. Nilikuwa na furaha kwa siku mbili na nusu. Halafu rafu ikafika mlangoni.

Rafu inayozunguka kuta zote lazima ipite mbele ya mlango. Wenzetu wa Ulaya wana mbinu mbili: kuinama kupita chini, au daraja la kuchomoa. Kwa mlango wangu unaofungukia ndani, kuinama kusingesaidia kitu, kwa hiyo nikatengeneza daraja la Malagarasi, ubao wa sentimita 95 unaokaa kwenye vikonyo viwili, na kwenye mlango upande wa nje nikabandika karatasi: GONGA KWANZA, TRENI IPO NJIANI.

Watoto waligonga. Mama watoto aligonga, kwa namna yake. Mama mkwe, aliyefika kutoka Tabora siku moja kabla ya tuliyoambiwa, hakugonga. Kwa nini agonge? Ni nyumba ya binti yake, na kile ndicho chumba anacholala siku zote.

Nilikuwa chini ya rafu natafuta waya uliochomoka, kwa magoti na viwiko, kichwa kikiwa Kigoma na sehemu iliyobaki ikielekea mlangoni. Treni ilikuwa darajani. Mlango ukasukumwa. Malagarasi ikang'oka, mabehewa matano yakanidondokea mgongoni moja moja, kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyowahi kuyapanga. Kwa desturi ya kwao na ya kwetu pia, mkwe na mama mkwe huonyeshana nyuso, tena kwa kuinamisha. Mimi nilimwonyesha upande ule mwingine.

"Shikamoo mama," nilisema, kule kule chini.

Kimya kirefu. "Marahaba, baba." Kisha, baada ya kufikiri: "Nitakaa kwanza sebuleni."

Hatua ya nane, ambayo ingekuwa ya kwanza

Nilibomoa rafu za kuta tatu wikiendi ile. Ilibaki rafu moja, sentimita 160 kwa 25, juu ya ukuta uliopo miguuni mwa kitanda, na juu yake nikajenga kitu kilichobuniwa na Mwingereza Alan Wright, kinachoitwa Inglenook. Ni pointi mbili tu. Njia tatu za kuegesha, moja inabeba mabehewa matano, nyingine matatu, nyingine matatu. Upande wa pili kipande kifupi kinachotosha kichwa na mabehewa matatu. Una mabehewa manane. Unachanganya karata nane, unavuta tano, na kazi yako ni kuunda treni ya mabehewa hayo matano kwa mpangilio ule ule wa karata, kwa kushanti, yaani kuvuta na kusukuma kwa kichwa, bila kunyanyua kitu kwa mkono. Treni tofauti zinazowezekana ni 6,720. Ukiunda moja kila jioni ni zaidi ya miaka kumi na minane, kwenye ubao unaozidiwa urefu na kitanda.

Niliogopa kuugusa mama mkwe akiwepo. Siku ya nne, nikiwa nimeingia kuchukua mchele, nilimkuta ameketi kitandani, miwani puani, anatazama njia ya pili.

"Hili la ng'ombe limekaa vibaya," alisema.

Marehemu baba mkwe alikuwa shanta, stesheni ya Tabora. Hilo nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua habari za ukweni, kwa kuitikia. Sikuwahi kuuliza shanta hufanya nini usiku kucha, wala nani alikuwa akimpelekea uji pale njiani na kusimama kuangalia.

Nikawasha adapta. Nikavuta karata: mafuta, saruji, ng'ombe, pamba, saruji ya pili. Nikaanza kama nianzavyo siku zote, kwa kukimbilia la mafuta.

"Hulifikii hilo, baba. La ng'ombe litoe kwanza, liweke njia ya tatu. Halafu haya mawili yavute pamoja. Pamoja! Usiyatenganishe."

Nilitii. Kichwa kikavuta mawili, kikarudi, kikasukuma. Hatua kumi na moja ambazo mimi hunichukua thelathini. Zilikuwa zimebaki mbili, la pamba likiwa nusu juu ya pointi, umeme ukakatika mtaa mzima.

Giza. Mbwa wa jirani akabweka mara moja, akaacha. Nikanyoosha mkono nilisogeze behewa angalau lisilale vibaya.

"Liache," alisema mama mkwe gizani. "Hapa ni Saranda. Kuku wako wapi?"